Umeme ulikatika usiku kucha: nyama ya kwenye friza tuile au tuitupe?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Temeke na mume wangu, mama mkwe na watoto wawili, mdogo ana miezi 14. Jumamosi saa 10 jioni nilinunua nyama ya ng'ombe kilo 6 na nguru kilo 2, nikavipanga kwenye friza ya juu ya friji letu, juu ya kuku wawili waliokuwamo tangu wiki iliyotangulia. Saa 3 usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumapili saa 7 mchana. Nilipofungua, nyama na samaki vilikuwa laini vinatoa maji, kuku wa chini bado ni wagumu. Huku chini kwenye friji kulikuwa na sufuria la maharage ya nazi na wali. Mama mkwe anasema tuchemshe sana tule, mbona zamani hakukuwa na friji. Baba watoto anasema tugandishe tena tu. Nimeviacha vyote humo vimeganda upya nikisubiri jibu lako. Tufanye nini, na kuanzia sasa chakula tukiweke vipi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na vilivyomo ndani ya friji lako leo, maana hivyo havisubiri maelezo.

Nguru tupa. Zile kilo 6 za nyama tupa. Maharage na wali tupa. Kuku wawili baki nao, ila uwapike ndani ya wiki hii, na usome mpaka mwisho kabla hujawagusa, kuna kazi ya kufanya kwanza. Najua bei ya kilo ya nyama ilivyo, na najua kumwaga kilo 6 ni kumwaga hela ya nyumba nzima. Ningeiona njia nyingine ningekwambia. Lakini una mtoto wa miezi 14 na una mzee ndani, na hao wawili ndio chakula kibaya huwaangusha kwanza.

Sasa sababu. Kila chakula kinachooza kina saa yake. Saa ya nyama huanza kutembea mnyama anapochinjwa, ya chakula kilichopikwa huanza sufuria linapoepuliwa. Baridi ya friji huipunguza mwendo saa hiyo. Baridi ya friza huisimamisha. Hakuna baridi inayoirudisha nyuma. Watu wengi wanadhani kuganda ni kama kusafisha: nyama ikitoka ngumu na nyeupe ya barafu, basi imeanza upya. Bakteria hawafi kwa kuganda, wengi wao wanalala tu, na barafu ikiyeyuka wanaamka wakiendelea pale walipoishia. Ndiyo maana hiyo nyama yako iliyoganda upya inaonekana nzuri na bado nakwambia itupe.

Bakteria wanaotusumbua huzaliana vizuri kati ya nyuzijoto 5 na 60. Katika joto wanalolipenda, na jikoni zetu za Dar es Salaam zinakaribia hapo, aina nyingi hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: bakteria mmoja akiachwa saa 6 kwa mwendo huo anakuwa zaidi ya 260,000. Na kipande cha nyama hakiji nyumbani na bakteria mmoja.

Tuhesabu basi saa za nyama yako. Ng'ombe wa bucha zetu huchinjwa usiku au alfajiri, kisha nyama inaning'inia kwenye ndoano mchana kutwa. Ulipoinunua saa 10 jioni ilikuwa imeshatembea karibu saa 12 kwenye joto. Ukaiweka friza. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawaliangalii. Friza ya nyumbani ina kiasi inachoweza kukigandisha kwa siku: chukulia kilo 1 kwa kila lita 30 za nafasi yake. Friza ndogo ya juu ya friji, ya lita 50 au 60, inaweza kilo 2 kwa siku, na hapo umeme usikatike. Wewe uliipa kilo 8 za vitu vyenye joto kwa mkupuo, na saa 5 baadaye umeme ukaondoka. Ile nyama uliyoikuta laini Jumapili haikuyeyuka, mwanangu. Haikuwahi kuganda. Ilikaa saa 16 ndani ya sanduku lililofungwa, ikinyonya baridi ya kuku waliokuwa chini yake.

Utasikia watu wakisema friza iliyojaa hukaa na baridi yake saa 48 umeme ukikatika, na iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Ni kweli, lakini hesabu hiyo ni ya friza ambayo vitu vyake vyote vimekwisha kuganda kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza iliyopakiwa nyama ya vuguvugu jioni ileile haimo. Friji lenyewe, sehemu ya chini, hesabu yake ni saa 4 tu na mlango umefungwa. Maharage yako yalikaa 16.

Nije kwa mama mkwe, na nakuomba umfikishie salamu zangu kwa heshima zote. Anasema kweli kwamba moto unaua. Nyama ikichemka barabara, bakteria walio hai humo karibu wote wanakufa. Tatizo ni kwamba baadhi yao, kabla hawajafa, wameshatoa sumu ndani ya chakula, na sumu nyingine hazisikii moto. Kuna bakteria anayeitwa stafilokokasi, anakaa kwenye ngozi na puani kwa watu wazima wenye afya kabisa. Akiingia kwenye chakula kwa mikono yetu na akapata saa za kutosha kwenye joto, anaacha sumu inayovumilia kuchemshwa. Utakuwa umemuua nyoka, lakini ameshauma. Ndiyo sababu mtu anakula chakula kilichotoka motoni sasa hivi, bado kinafuka moshi, na baada ya saa chache anatapika.

Na anachosema kuhusu zamani ni kweli vilevile. Hakukuwa na friji, kwa hiyo mtu alinunua robo ya leo akaila leo. Kuku alichinjwa akaingia chunguni muda uleule. Samaki aliyezidi alibanikwa, akatiwa chumvi, akaanikwa akawa ng'onda. Chungu cha mchuzi kilichemshwa jioni na kikachemshwa tena asubuhi, hakikusahauliwa siku nne. Ile ilikuwa elimu kamili ya kuhifadhi chakula. Sisi tulipopata friji tuliiacha elimu ile, tukaanza kununua vya mwezi mzima, na tukaamini sanduku litafanya kazi yote.

Kuhusu nguru nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo hata watu waliosoma wanakosea. Nguru, jodari, vibua na ndugu zao wana kitu mwilini kinachoitwa histidini. Samaki hao wakikaa kwenye joto, bakteria wanakigeuza kuwa histamini. Histamini haifi kwa kukaanga, haifi kwa kuchemsha, haifi kwa kugandisha, na samaki anaweza kuwa nayo akiwa hana harufu ya kukupa wasiwasi. Mtu akimla, dakika chache mpaka saa moja au mbili baadaye uso unamwiva, mdomo unamwasha, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio, pengine na kuharisha. Wengi wanaamua kuwa wana mzio wa samaki na wanaacha kumla maisha yao yote, kumbe tatizo lilikuwa samaki yule mmoja aliyekosa barafu. Kwa hiyo ukienda soko la samaki la Feri au popote kununua samaki wa aina hii, nunua aliyelala kwenye barafu, beba na barafu ya kumrudishia nyumbani, mtoe matumbo na mashavu mara moja, na kama hutampika siku hiyo au kesho yake, mgandishe palepale.

Baba watoto naye hakukosea kabisa. Nyama iliyoganda ikaanza kuyeyuka inaweza kugandishwa tena, kwa sharti moja: iwe bado ina chembe za barafu ndani yake, au kipimajoto kisome nyuzi 4 au chini ya hapo. Itapoteza utamu kidogo, kwa sababu kila kuganda kunatoboa nyama na maji yake yanamwagika inapoyeyuka. Kuku wako wamepita sharti hilo, walikuwa wagumu. Ila maji ya nyama iliyokuwa juu yamewadondokea. Kwa hiyo watoe, uoshe vifungashio vyao kwa nje au uvibadilishe, utoe kila kitu humo na uoshe friza yote kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, ndipo uwarudishe. Siku ya kuwapika, wapike mpaka maji yanayotoka pajani yawe meupe bila wekundu.

Sasa viporo. Mimi napenda kiporo cha maharage na chai ya rangi asubuhi, wala sitakwambia uache. Ila wali unahitaji adabu yake. Mchele unakuja na bakteria anayeitwa basilasi sereusi, ambaye hujifungia ndani ya spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, na spora hizo huvumilia kupikwa. Wali ukiachwa mezani umefunikwa kawa tangu mchana hadi usiku, spora zinaamka, bakteria wanazaliana na wanaacha sumu ya kutapisha inayovumilia joto kuliko lile la maji yanayochemka. Kwa hiyo kuupasha wali moto asubuhi hakuurekebishi. Wali uliolala nje usiku, hata kama haujachacha, usimpe mtoto na usiule mwenyewe.

Kwa nini tunauacha nje? Kwa sababu tumeambiwa chakula cha moto kikiingia kwenye friji kinaliharibu. Hilo limewaumiza watu wengi. Friji haliharibiki. Sufuria kubwa la moto linaweza kupasha vitu vilivyo jirani yake, hilo ni kweli, lakini dawa yake si kuliacha juu ya meza mpaka asubuhi. Dawa ni kuligawa. Mimina chakula kwenye mabakuli mapana, kina chake kisizidi vidole vitatu. Yaweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga mchuzi mara kwa mara, wali uutandaze. Nusu saa mpaka saa moja mvuke umekwisha, funika, ingiza friji. Kikomo ni saa 2 tangu kiepuliwe, na kwenye joto letu la zaidi ya nyuzi 32 fanya saa 1. Maharage na mchuzi wa nyama kwenye sufuria zito ndivyo vya kuchunga zaidi, kwa sababu katikati ya sufuria hubaki na joto saa nyingi, na kuna bakteria mwingine, klostridiamu, anayependa hasa vuguvugu hilo la katikati.

Vikishaingia, mimi wali nauhesabia siku 1, mboga na mchuzi siku 3. Vya tui la nazi siku 2, kwa sababu nazi haina subira. Ukipasha, pasha kiasi kitakacholiwa, kichemke mpaka katikati, na kikibaki tena usikirudishe.

Hayo yote yanategemea friji lenyewe liwe baridi kweli, na hapa nina ombi moja kwako ambalo nalithamini kuliko mengine yote niliyoandika. Nunua kipimajoto cha friji. Ile namba kwenye kitufe cha kuzungusha, 1 mpaka 5 au mpaka 7, siyo nyuzijoto. Inaonyesha nguvu tu, na kwa friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Nimeingia jikoni nyingi, za majumbani na za hoteli, nikakuta friji linanguruma, taa inawaka, maji ya kunywa yako baridi mdomoni, na kipimajoto kinasoma nyuzi 11. Mdomo hauwezi kutofautisha 4 na 11, bakteria wanatofautisha. Weka glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, tia kipimajoto ndani yake, kiache usiku kucha, soma asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Kisizidi 5. Friza iwe 18 chini ya sifuri.

Kikizidi, anza na mlango. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, baridi inavuja. Angalia kama friji limesogezwa mpaka likagusa ukuta, linahitaji nafasi ya kupumua nyuma. Angalia kama umelijaza mpaka hewa haipiti. Na barafu iliyojijenga nene kwenye kuta za friza iyeyushe, inazuia baridi kufika kwenye chakula. Usiibandue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

Mpangilio ni mfupi: kibichi chini, kilichopikwa juu, kila kimoja na kifuniko, ili hata kikidondosha kisidondoshee kinacholiwa bila kupikwa tena. Maziwa ya mtoto yasikae mlangoni, mlango ndio sehemu yenye joto kuliko zote. Yaweke nyuma, rafu ya kati. Viazi, vitunguu na ndizi usiziingize kabisa. Viazi vikikaa baridini wanga wake hugeuka sukari, na chipsi zake zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva.

Nyama usiigandishe kilo 6 kwa kipande kimoja. Igawe pale unaporudi nayo, nusu nusu kilo au kiasi cha chungu kimoja, iweke bapa kama daftari kwenye kifungashio safi, ukamue hewa, uandike tarehe. Vipande bapa vinaganda haraka na vinayeyuka haraka. Kama ng'ombe amechinjwa alfajiri hiyohiyo, iache friji usiku mmoja kwanza, kisha igandishe. Nyama inayogandishwa kabla haijapita kule kukakamaa kwa kufa inatoka ngumu, utaichemsha mpaka gesi iishe. Ingiza kilo 2 leo, kilo 2 kesho. Kwenye friji bila kuganda, nyama ya kusaga, kuku na samaki wabichi ni siku 1 au 2, nyama ya vipande siku 3. Ikishaganda sawasawa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki salama muda mrefu sana, kinachopungua ni utamu: nyama ya kusaga ndani ya miezi 3 au 4, samaki wa mafuta ndani ya miezi 2 au 3, kuku mzima mpaka mwaka. Ukiona mabaka meupe makavu juu ya nyama, imekaushwa na baridi tu. Kata hapo, iliyobaki ni nzuri.

Kuyeyusha ndiko kunakoharibu kazi yote hiyo, kwa sababu tunaiacha nyama kwenye karo usiku kucha. Nje inakuwa imekwisha kuchacha na katikati bado barafu. Ihamishie friji jioni ya siku iliyotangulia, kwenye bakuli. Ukiwa na haraka, ifunge isiingize maji, iloweke kwenye maji ya bomba na ubadilishe maji kila nusu saa, kisha ipike palepale.

Na umeme utakatika tena, tunajua. Jaza maji kwenye chupa tupu za plastiki, usizijaze mpaka mdomoni maana barafu hutanuka, uziweke kwenye kila nafasi wazi ya friza. Friza iliyojaa barafu inashika baridi, na chupa hizo unaweza kuziteremsha kwenye rafu za friji umeme ukiondoka. Pia gandisha kikombe cha maji, kikiwa barafu weka sarafu juu yake, ukiache humo siku zote. Ukirudi kutoka safari ukakuta sarafu imezama katikati au chini, umeme ulikatika muda mrefu ulipokuwa haupo na vitu viliyeyuka vikaganda upya, hata kama sasa kila kitu ni jiwe. Umeme ukikatika, andika saa kwenye karatasi, ibandike mlangoni, na waambie watoto hakuna kufungua.

Kama kuna aliyekwisha kula katika hivyo na akaanza kutapika au kuharisha, mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa vijiko vidogo vidogo mfululizo. Choo kikiwa na damu, au mtoto akilegea, macho yakaingia ndani, akakosa mkojo kwa saa 6, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Kipimajoto ukishakinunua, niandikie umesoma ngapi asubuhi ya kwanza, pamoja na namba iliyopo kwenye kitufe, nikuelekeze ukizungushe kiasi gani.